Hati Iliyonyamaza

Ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa baharia kabla hajawa karani. Katika ujana wake alisafiri na majahazi, akienda kwa kusi na kurudi kwa kaskazi, na ilipoingia miaka ya 1970 akahamia Muscat, akapata kazi ya kuandika barua katika ofisi moja ya huko, na kwa muda wa miaka ishirini na kitu hakuligusa tanga wala hakulitaja. Alipostaafu ndipo bahari ilipomrudia. Akanunua kompyuta, akajifunza kuchapa kwa vidole viwili, akaanza kuandika orodha ya maneno ya chombo na ya pepo: mkuku na mataruma, foromali na dasturi, matlai na umande, na mengine ambayo mimi, niliyezaliwa Unguja na kukulia Unguja, sikuwahi kuyasikia. Kila neno aliliandika kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni akiwa mtoto, na maana yake akaieleza kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi, ili kijana asiyeijua alifu wala be naye apate fungu lake.

Mwaka 1999 akaniletea kazi hiyo kwa mkono wa msafiri, ikiwa ndani ya diski moja ya plastiki ya inchi tatu na nusu, pamoja na bakuli la halua na barua fupi isemayo: "Mwanangu, isome, na utakapoona nimekosea nisahihishe, kwani nyinyi mko karibu na bahari yetu kuliko mimi." Halua tuliimaliza jioni ile ile. Ya diski mpaka leo sijayamaliza.

Kompyuta niliyokuwa nayo kazini ilikuwa na Windows ya Kiingereza. Nikaitia diski, nikaligonga faili mara mbili, na kilichonitokea katika kioo sikukitarajia. Mstari wa kwanza, ambao kwa desturi ya ami yangu haukuweza kuwa kitu kingine ila bismillahi, ulisimama hivi: ÈÓã Çááå. Chini yake nikaona mafungu ya herufi zenye vikofia na vikia, mfano wa Kireno kilichoandikwa na mtu mwenye homa. Na mbele ya kila fungu, jambo lililonishangaza zaidi, Kiswahili safi kisicho na doa: mbavu za chombo. Mti ulioshika tanga kwa juu. Upepo utokao baharini asubuhi. Maana zote zilikuwapo, na majina yake ndiyo yaliyopotea.

Mtu asiyejua hufanya haraka, na haraka yake huiita bidii. Kwa kuwa jina la faili liliishia kwa txt, na barua zetu za ofisini ziliishia kwa doc, nikadhani ugonjwa uko mkiani, nikaukata mkia ule na kulipachika faili mkia mwingine. Nikawa kama mtu aliyeonja siki ndani ya chupa, akabandua karatasi ya nje na kubandika nyingine iliyoandikwa asali. Herufi zikabaki vile vile. Hapo ndipo niliponuia jambo ambalo nikilikumbuka hata leo huona haya: niliazimu kuifuta takataka ile yote, fungu baada ya fungu, ili nibaki na Kiswahili kinachosomeka, na nilikuwa nimekwisha kufuta mistari mitatu mizima, bila ya kuihifadhi bado, ilipoadhiniwa adhuhuri, nikaizima mashine na kwenda msikitini. Naamini kwa yakini kwamba adhana ile ndiyo iliyoiokoa kazi ya ami yangu, maana akili yangu haikuwa na habari kwamba kuna kitu cha kuokolewa.

Alasiri nikaenda Darajani, kwa kijana mmoja fundi wa kompyuta ambaye umri wake haukutimia miaka ishirini na mitano.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea faili lililoharibika."

"Nani aliyekwambia limeharibika?"

Sikuwa na jibu. Akaipokea diski, na kabla ya kuitia mahali popote akaigeuza, akakisogeza kwa ukucha kile kijidude kidogo kilicho pembeni mpaka kitundu kikawa wazi, akanieleza kwamba sasa mashine inaweza kuisoma lakini haiwezi kuiandika wala kuifuta, kisha akatoa nakala, akanirudishia diski yangu, akasema: "Hii weka sandukuni. Tutakayoisumbua ni nakala." Baada ya hayo akaniuliza maswali matatu, na hata moja halikuhusu yaliyomo ndani ya hati: imeandikwa wapi, kwa mashine ya lugha gani, na kwa programu gani? Nikamjibu kwamba imeandikwa Muscat, kwa Windows ya Kiarabu, katika ile programu ndogo ya Notepad isiyojua mapambo. Akacheka kwa upole. "Basi halina ugonjwa, mzee wangu. Limefika ugenini tu, halijapata mkalimani."

Akanisomesha pale pale, huku wateja wengine wakingoja. Kompyuta, alisema, haijui herufi hata moja. Ijualo ni nambari, na kila herufi tuionayo ni nambari iliyopewa sura kwa mapatano ya watu. Mwaka 1963 Wamarekani walipatana juu ya nambari 128, kuanzia sifuri mpaka 127, wakaziweka humo herufi za Kirumi zisizo na vikofia, tarakimu na alama za uandishi, na mapatano hayo yakafuatwa karibu kila mahali. Ndiyo sababu Kiswahili cha ami yangu, ambacho hakihitaji zaidi ya herufi hizo, kilivuka bahari bila ya kudhurika. Lakini baiti moja ina nafasi 256, na nusu ya pili ya nafasi hizo kila kaumu iliigawa kwa haja zake. Windows ya Kiarabu iliipa be nambari 200, sini ikapewa 211 na mimu 227. Windows ya nchi za magharibi, kwa nambari hizo hizo, ikaandika È, Ó na ã. Ami yangu alipoandika bismi, diski haikuchukua be wala sini wala mimu, bali ilichukua 200, 211 na 227, na mashine yangu, isiyokuwa na habari ya Muscat, ikazisoma kwa kanuni ya kwao. Hakuna hata nambari moja iliyopotea njiani.

Kisha akaifungua nakala ndani ya programu ya kusomea intaneti, ambayo zama zile ilikuwa na menyu ya kuchagua kanuni ya herufi, akashuka nayo mpaka kwenye Kiarabu, akabonyeza. Ghafla vikofia vyote vikaanguka, maneno yakatokea kutoka kulia, na bismillahi ya ami yangu ikakaa juu ya kioo kana kwamba ilikuwapo muda wote ikitusubiri sisi tumalize ujinga wetu.

Njiani nikirudi nyumbani nilijilaumu, kwa kuwa katika watu wote mimi nilistahiki kulifahamu jambo hili bila ya kufundishwa. Nimelelewa miongoni mwa hati za kale za Kiswahili, na kila aliyezishika anajua kwamba waandishi wetu wa zamani waliitumia be moja kwa sauti za ba, pa na mba, hata mtu akiandika be na te akaziacha hivyo, msomaji hana budi aamue mwenyewe kama asomalo ni bata, au pata, au mbata ya nazi. Asiyejua kanuni hiyo huiona hati kuwa imeandikwa na mlevi. Aijuaye huipitia kama apitavyo uwanja wa kwao usiku. Mmishenari Mwingereza W. E. Taylor, pamoja na bidii yake yote, alipotaka kuzielewa tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa hakuwa na budi kukaa mbele ya Mwalimu Sikujua, aliyezijua tungo hizo na lugha yake. Wazee wetu hawakusema hati imeharibika kwa sababu tu mgeni ameshindwa kuisoma. Walimwambia mgeni atafute mwalimu.

Habari ya diski ile ilienea mtaani, ikatiwa chumvi, na kwa kosa nisilolitenda nikapewa sifa ya ufundi. Watu wakaanza kuniletea mafaili yao yasiyofunguka, nami, kwa kuona haya kuwarudisha, nikawa nayachungua kwa utaratibu niliofundishwa Darajani. Kwanza hutoa nakala. Pili hutazama ukubwa, kwani faili lenye baiti sifuri, mfano wa lile la jirani yangu aliyechomoa flashi kabla ya maandishi kumaliza kuandikwa, ni chupa tupu, na hakuna kanuni duniani itakayokisomesha kisichokuwamo. Tatu hulitazama jina lote pamoja na mkia wake, ambao Windows kwa mazoea yake huuficha. Na kuuficha huko kuna hatari, maana mwezi wa Mei 2000 ulipita ulimwenguni kwa barua pepe waraka wa mapenzi uliobeba kirusi, uliojidai kuwa ni txt, ilhali nyuma ya txt ulikuwapo mkia wa pili, na mkia wa pili ndio uliokuwa na sumu.

Nne, na hili ndilo linipendezalo, hulisoma faili kichwa chake, kwa kuwa mkia wa jina hubandikwa na watu, na watu hukosea, lakini kichwa huandikwa na programu yenyewe. Likianza kwa %PDF, ni hati ya PDF hata kama mtu ameliita txt. Likianza kwa ÐÏ, aghalabu ni hati ya Word ya zamani. Likianza kwa PK, ambazo ni herufi za mwanzo za jina la Phil Katz aliyeutunga mtindo wa zip, basi hiyo ni bahasha iliyokunjwa ndani yake makaratasi mengi, na hati za Word za mtindo mpya wa tangu 2007 ni bahasha za namna hiyo. Anayeing'ang'ania kuisoma kwa Notepad ni kama asomaye barua kwa kuitazama bahasha dhidi ya taa. Na likianza kwa vijialama vitatu ï»¿ visivyo na maana ya dhahiri, limejitambulisha lenyewe kanuni yake, na mwenye kulisoma hana udhuru.

Mengine ni mepesi na hayahitaji maneno mengi. Faili ambalo mistari yake yote imeshikana kuwa mmoja mrefu hutoka kwenye mashine zinazomaliza mstari kwa alama moja, hali Windows humaliza kwa mbili. Notepad haikukubali alama moja mpaka mwaka 2018, na kabla ya hapo dawa ilikuwa kulifungua kwa programu nyingine. Flashi ambayo mafaili yake yamegeuka njia za mkato mara nyingi imeingiwa na virusi vilivyoyaficha mafaili yenyewe mumo humo, nayo haifai kufutwa kwa hasira. Na ikiwa barua fupi ya Kiingereza itajitokeza kwa herufi za Kichina katika Windows XP, mwandishi hakujifunza Kichina. Ni Notepad iliyokisia kanuni, ikakosea, kwa kuwa maneno yalikuwa machache mno kwa makisio. Katika mafaili yote niliyoletewa kwa jina la maiti, yaliyokuwa maiti kweli ni machache sana, na hilo, badala ya kunipa tahadhari, lilinitia kiburi.

Maana yaliyonipata baadaye hayakusababishwa na ujinga, yalisababishwa na kiburi. Ilikuwa mwaka 2004, ami yangu amekwisha kufariki, na binamu yangu wa Muscat akaniletea nakala ya mwisho ya orodha ile, iliyohifadhiwa kwa Yunikodi. Utaratibu huo, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, ulikusudia kuumaliza ugomvi wa nambari kwa kuipa kila herufi ya kila lugha nambari yake isiyoshirikiana na nyingine. Na mwezi wa Septemba 1992 Ken Thompson na Rob Pike, wakiwa mezani katika mkahawa mmoja wa New Jersey, wakabuni juu ya karatasi ya kutandikia meza njia ya kuziandika nambari hizo iitwayo UTF-8, ambayo uzuri wake ni kwamba zile 128 za kwanza haikuzigusa. Faili la binamu yangu lilifunguka bila ya taabu, Kiarabu kulia na Kiswahili kushoto, nami nikasema moyoni kwamba dunia sasa imestaarabika.

Zama hizo alikuwapo nahodha mmoja mzee wa mtaa wa Malindi, aliyekuwa akija barazani kwangu baada ya magharibi. Nikamsomea orodha ya ami yangu, naye akawa anaongeza. Maneno arubaini na matatu aliniongezea, neno moja kwa siku, siku nyingine mawili, nami nikiyaandika kwa kalamu ya risasi juu ya maganda ya sigara, kisha nikiyachapa kwa Kiarabu na maana yake kwa Kirumi, na maganda nikiyatupa. Yalipotimia, nikaona vyema kuipanga kazi yote upya. Nikafungua karatasi mpya ndani ya Notepad, nikamimina humo kila kitu, nikaipa jina zuri, nikabonyeza kuhifadhi. Mashine ikanitolea onyo. Ilinieleza kwa Kiingereza fasaha kwamba ndani ya hati hii mna herufi zitakazopotea iwapo nitaihifadhi kwa namna ile. Mimi, niliyekuwa fundi wa mtaa mzima, nikalikubali onyo bila ya kulisoma, kama watu wakubalivyo maneno ya mtu wasiyemheshimu. Na kwa kuwa maneno yalibaki juu ya kioo vile vile, bila ya kubadilika hata nukta, nikaifunga, nikalifuta faili la zamani kwa ajili ya usafi, nikalala usingizi mwema.

Asubuhi nikaifungua. Hapakuwa na vikofia wala vikia, wala Kireno cha homa. Karatasi ilikuwa safi, imepangika, na mahali pa kila neno la Kiarabu zilisimama alama za kuuliza, ????, ?????, safu kwa safu, kama watu walioulizwa jambo wasilolijua.

Nikaenda Darajani karibu na kukimbia. Fundi wangu alikuwa sasa mtu mzima mwenye watoto, na duka lake limepanuka. Akatazama muda mrefu bila ya kugusa kitu, na aliponiambia "Pole, mzee wangu" kabla ya kuniuliza hata moja ya yale maswali yake matatu, nikafahamu. Akanionyesha nambari zilizo chini ya alama zile: 63, 63, 63, 63, mpaka mwisho. Mashine yangu, ilipoamrishwa kuziandika herufi za Kiarabu kwa kanuni ya magharibi isiyo na nafasi yazo, iliiweka alama ya kuuliza mahali pa kila iliyoshindwa kuiandika. È ya mwaka 1999 ilikuwa 200, na kutoka 200 mtu anaweza kurudi kwa be; lakini 63 ni 63, haikumbuki ilikuwa nani kabla ya kuwa alama ya kuuliza.

Nahodha alikuwa ametutangulia mbele ya haki wiki tatu nyuma. Maneno ya ami yangu yote niliyapata tena, mengine kutoka Muscat, mengine kutoka ile diski ya sandukuni ambayo kitundu chake kilikuwa bado wazi kama kijana yule alivyokiacha. Yale arubaini na matatu hayakuwa mahali pengine popote.

Tangu siku hiyo nimekuwa na rai moja kuhusu mafaili, nami humwambia kila anijiaye na fadhaa. Herufi za ajabu zisikutishe. Hati inayokupigia kelele kwa lugha usiyoijua ingali hai. Ndani ya kelele zile zimo nambari zake zote, na inachohitaji ni wewe kuuliza ilikotoka, na kuuzuia mkono wako usiitengeneze kabla hujaifahamu. Iogope hati iliyonyamaza, iliyokaa safi na nadhifu mbele yako, ambayo tofauti za herufi zake zimesawazishwa zote kuwa alama moja, kwani hiyo ndiyo isiyorudi. Na mara nyingi, katika yote niliyoyaona, aliyeinyamazisha hakuwa adui wala kirusi, bali ni mwenyewe, katika saa ya kupanga na kusafisha, baada ya kuonywa.

Hata hivyo zile alama za kuuliza zimenibakishia kitu kimoja. Kwa kuwa niliandika bila ya irabu, kila alama inasimama mahali pa herufi moja. Kwa hiyo ingawa silijui neno, naijua idadi ya herufi zake, na maana yake ninayo kwa Kiswahili. Basi huchukua karatasi yangu nikaenda bandarini Malindi, nikakaa na wazee wa vyombo, nikawasomea maana, nao wakataja majina, nami nikahesabu. Palipoandikwa "kamba ya kupandishia foromali na tanga", mmoja alisema ni jarari, mwingine akaapa kuwa ni henza. Alama zilikuwa nne, he, nuni, ze na alifu, nikampa haki aliyeapa. Kwa njia hiyo nimeyarudisha maneno ishirini na tisa.

Katika yaliyosalia lipo moja ambalo maana yake nimeihifadhi kwa moyo: upepo mwembamba wa kabla ya alfajiri, autambuaye ni mwenye zamu peke yake, kwa baridi ya ukucha. Alama zake ni tano. Juma lililopita mzee mmoja, baada ya kufikiri sana, alinitajia jina ambalo sijapata kulisikia, zuri, lenye harufu ya bahari. Nikamshukuru, nikageuka upande ili asinione, nikahesabu kwa vidole. Zilikuwa nne.